Wasomaji Wanauliza: Maboga Meupe, ya Buluu na ya Waridi kwa Halloween

Barua nyingi za wasomaji wetu walioko Marekani mwezi huu zinahusu maboga yasiyo ya rangi ya machungwa kwa ajili ya Halloween, sikukuu ya tarehe 31 Oktoba ambapo nyumba hupambwa kwa maboga na watoto hupita mlango kwa mlango kuomba peremende. Tumejibu zile ambazo kosa lake hugharimu boga zima.

Mwaka jana nilipanga maboga sita meupe kwenye ngazi za mbele mwishoni mwa Septemba. Ilipofika Halloween yalikuwa ya manjano kama siagi. Je, niliuziwa yaliyozeeka?
*Mama wa wawili, Columbus*

Hapana, dada. Maboga yako yaliungua jua. Aina za maboga meupe kama Lumina, Casper na yale madogo ya Baby Boo zote hugeuka manjano zikikaa juani, na mwezi mzima kwenye ngazi zisizo na kivuli unatosha kabisa kuyaharibu. Mara nyingine kazi hiyo huanzia shambani: majani yakiliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, boga hubaki wazi kabla halijavunwa. Ndiyo maana wakulima hukata Lumina mara linapokuwa jeupe na ganda kuwa gumu, ukucha usiweze kuingia, badala ya kuliacha kondeni lisubiri wateja.

Unaponunua, ligeuze. Doa la manjano pale lilipolalia ardhi ni la kawaida, lakini manjano kwenye mabega, karibu na kikonyo, ni jua na litazidi. Kagua pia kikonyo: kiwe kikavu na kigumu, chenye urefu wa sm 5 au zaidi. Kikikatika, kidonda hicho ndicho mlango wa kuvu, kwa hiyo beba boga kwa kulishika chini, kamwe si kwa kikonyo.

Nyumbani, lifute kwa maji yenye klorini ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, kisha likauke kabisa. Liweke mahali penye giza na hewa, nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, juu ya kadibodi au mbao, maboga yasigusane. Sakafu tupu ya saruji hushika unyevu na kuozesha kitako. Friji nayo haifai, kwa sababu baridi ya chini ya nyuzi 10 ikidumu hulegeza nyama ikawa majimaji. Yatoe nje siku tano au sita kabla ya tarehe 31 Oktoba. Lililokwisha kuwa manjano halirudi nyuma hata ukilisugua kwa klorini, kwani rangi hiyo imo ndani ya ganda.

Nimenunua boga la Jarrahdale kwa sababu ya ile rangi yake ya buluu ya kijivu. Kisu kimekwama mara mbili na kuchonga sikuweza. Nifanyeje?
*Msomaji wa Portland*

Acha kisu hicho kwanza. Kukwama namna hiyo ndiko huleta majeraha, maana unaongeza nguvu na kisu kinateleza. Jarrahdale, boga la Australia, lina nyama nene na ngumu iliyojaa. Ni boga la kupikwa na la kutazamwa, na lisipotobolewa hukaa miezi kadhaa.

Kama bado unataka mchoro juu yake, chubua ganda tu, milimita 4 au 5, kwa patasi ndogo ya kuchongea mbao. Nyama ya machungwa hujitokeza katikati ya buluu, na hilo linapendeza kuliko tundu lolote. Ukitaka mwanga upenye, kata mlango nyuma ya boga badala ya juu, uache kikonyo na umbo lake. Kwangua upande wa uso kwa ndani mpaka ubaki unene wa sm 2.5, kisha toboa kwa drili, ncha ya milimita 6 na ya milimita 10.

Kwa uso wenye macho na meno, chukua Lumina: jeupe nje, machungwa ndani. Linganisha mawili ya ukubwa mmoja na uchukue jepesi, kwa kuwa kuta zake ni nyembamba. Lichonge siku mbili au tatu kabla, si zaidi. Paka kingo zilizokatwa mafuta ya mgando ili zisikauke na kujikunja, na tumia taa ya betri. Mshumaa hupika boga kutoka ndani.

Rangi nyeusi niliyopaka ilibanduka kama karatasi, na boga likaoza ndani ya wiki. Kwa nini?
*Kijana wa Minneapolis*

Ganda la boga lina nta, na rangi haishiki juu ya nta. Osha, kausha, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Paka rangi ya msingi, halafu akriliki tabaka mbili nyembamba, ukisubiri nusu saa baina yake. Tabaka moja nene ndilo linalobanduka.

Kuhusu kuoza, rangi nyeusi hunyonya joto la jua, na kama boga lilikuwa na mkwaruzo au lilipakwa likiwa na unyevu, umeufungia ndani. Liweke kivulini. Na lililopakwa rangi lisiliwe, wala mifugo wasilishwe.

Jirani ameweka boga la rangi kati ya kijani na buluu mlangoni. Ni mtindo tu?
*Baba wa Houston*

Si mtindo tu, na tunaomba lisitumiwe kama pambo tupu. Tangu 2014 shirika la FARE, linalohusika na mzio wa chakula, limeeneza desturi hiyo Marekani nzima: boga hilo linamwambia mzazi kwamba mlango huu una zawadi zisizo chakula. Mtoto ambaye karanga au maziwa yanaweza kumpeleka hospitali hupita hapo bila hofu. Peremende unaweza kutoa pia, ila katika bakuli lingine. Stika, penseli na vijiti vinavyong'aa gizani vinafaa. Udongo wa kuchezea mara nyingi una ngano, na maputo ya mpira huwadhuru wenye mzio wa mpira, kwa hiyo viache.

Nimepanda Porcelain Doll la waridi, jirani kapanda Jarrahdale. Maboga yangu yatageuka buluu?
*Mkulima wa bustani, Ohio*

Mwaka huu hapana. Rangi ya ganda hutoka kwa mmea mama, chavua yoyote itakayoletwa na nyuki. Mbegu zilizo ndani ndizo zitakazochanganyika, maana mawili hayo ni spishi moja. Isitoshe, Porcelain Doll ni chotara wa kizazi cha kwanza (F1), na mbegu zake hazizai waridi ileile hata bila jirani. Nunua mpya kila mwaka. Linahitaji takriban siku 110, kwa hiyo kwa boga la kuvunwa mwanzoni mwa Oktoba, mbegu ziwe ardhini kabla ya katikati ya Juni, udongo ukiwa umeshapata joto.