Ukienda Eyam, Ingia kwa Miguu

Mara ya kwanza nilipokwenda Eyam nilikosea karibu kila kitu, kuanzia jina lenyewe. Nilimwambia dereva wa basi pale mjini Sheffield, Uingereza, kwamba naelekea "E-ya-mu", nikilisoma kama tunavyosoma sisi, kila irabu ikipewa haki yake. Akanitazama kwa huruma, kisha akasema "Iim", basi. Nilishuka katikati ya kijiji, nikapiga picha kanisa na nyumba za mawe zilizo jirani nalo, nikanywa chai, na haikupita saa nzima nikaanza kujiuliza watu wanafuata nini huku. Nimerudi mara kadhaa tangu siku ile, na kwa yeyote anayetaka kukielewa kijiji hiki kidogo cha mkoa wa Derbyshire ninao ushauri mmoja mkubwa: usishushwe mlangoni. Shukia Stoney Middleton, kijiji jirani kilicho bondeni, kisha upande kwa miguu.

Sababu ni historia. Mwezi Septemba 1665 fundi nguo mmoja wa Eyam aliletewa robota la vitambaa kutoka London, ambako wakati huo tauni ilikuwa ikiua watu kwa maelfu. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake, George Viccars, aliona vitambaa vina unyevunyevu, akavitandaza mbele ya moto vikauke, na viroboto waliojificha humo wakaamka. Baada ya siku chache Viccars alikuwa amekufa. Ugonjwa ulitulia wakati wa baridi, ukarudi kwa nguvu kiangazi kilichofuata, na Juni 1666 mchungaji kijana William Mompesson akashirikiana na Thomas Stanley, mtangulizi wake aliyeondolewa kwenye wadhifa kwa kukataa utaratibu mpya wa ibada, kuwashawishi wanakijiji wasitoke nje ya mpaka wa kijiji, ili ugonjwa usienee. Watu hao wawili hawakuwa na sababu ya kupendana, na nadhani ndiyo maana walisikilizwa. Hadi tauni ilipokoma mwezi Novemba, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa.

Sasa, kisa hicho ukikisoma kwenye kibao kilichobandikwa ukutani kinabaki kuwa kisa. Lakini ukipanda kutoka Stoney Middleton, ukiliacha nyuma kanisa lake lenye pembe nane na kukata malishoni, utalikuta jiwe la mpakani njiani. Usitarajie mnara. Ni jiwe kubwa lililolala majanini, ambalo mtu mwenye haraka angeliketia tu apumzike, isipokuwa lina vitundu vilivyotobolewa juu yake. Siku niliyolikuta vilikuwa vimejaa maji ya mvua. Nilichovya kidole kimoja, na kando zake zilikuwa laini kama za kinu kilichotumika miaka mingi. Humo ndimo watu wa Eyam walimotia sarafu zao, zikiwa zimeloweshwa katika siki iliyoaminiwa kuua ugonjwa, na majirani wakaacha chakula na kuondoka kabla hawajakutana. Ukisimama hapo kinachokugusa ni ukaribu: kutoka jiweni hadi kijiji chochote kati ya hivyo viwili si mwendo wa nusu saa. Sisi tulioishi mwaka 2020 tunaijua karantini ya amri na faini, lakini hapa hapakuwa na kitu cha kumzuia mtu mwenye hofu isipokuwa neno alilokubali.

Ukishaingia kijijini, tenga muda kwa makaburi mawili. Uani mwa kanisa yupo Catherine Mompesson, mke wa mchungaji. Watoto wao walikuwa wamepelekwa mbali, yeye akakataa kumwacha mumewe, akafa Agosti 1666. Kisha toka nje kidogo upande wa mashariki hadi makaburi ya Riley, kiwanja kidogo kilichozungushiwa ukuta wa mawe katikati ya malisho, ambako Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto wake sita ndani ya siku nane, peke yake. Nilikuta kondoo wakila majani hadi ukingoni mwa ukuta. Jumba la makumbusho ni zuri, ila liweke mwisho, na uangalie mapema siku linazofunguliwa.

Kuhusu njia zenyewe: mshale wa manjano maana yake njia ya umma ya waenda kwa miguu, hata ikipita katikati ya shamba la mtu, kwa hiyo huna haja ya kupiga hodi. Mshale wa buluu ni wa njia ambayo farasi na baiskeli nao wanaruhusiwa. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, ulilolikuta wazi liache wazi. Mimi niliwahi kuliacha moja likipepea, na mwenye kondoo akaniita kutoka mbali kwa sauti ambayo haikuhitaji tafsiri. Vaa buti, maana tope la huko halichagui mwezi. Mtandao wa simu hupotea mabondeni, hivyo nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, namba OL24, inayoonyesha kila ukuta na kila kijia.

La mwisho ni usafiri, nalo lilinigharimu. Jumapili moja nilikaa baa nikizungumza na wazee wawili kuhusu bei ya sufu, mambo yakanoga, basi la mwisho likaondoka bila mimi. Hakuna bodaboda kule. Nilitembea zaidi ya saa moja, nikateremka hadi mto Derwent na kupanda tena hadi stesheni ya Grindleford, giza likiingia. Treni ilipofika ilijitosa moja kwa moja katika handaki la Totley, lenye urefu unaozidi kilomita 5, ikatokea upande wa Sheffield. Siku hizi naanza kwa kuandika saa ya basi la kurudi kwenye kiganja cha mkono.