Ukienda tamasha la Goroka, uliza kwanza gari linaondoka saa ngapi

Unapanga kwenda na kundi kwenye tamasha la ngoma katika nyanda za juu za Papua Guinea Mpya? Kabla hujauliza bei, muulize wakala wako jambo moja: siku ya tamasha gari linatoka hotelini saa ngapi? Akikujibu saa tatu, baada ya kifungua kinywa, tafuta wakala mwingine.

Uhondo wenyewe hauko katikati ya uwanja. Uko pembeni, kuanzia mapema asubuhi, vikundi vinapojipamba. Mzee mmoja wa Kihuli, kabila la nyanda hizo za juu, alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi zenye umande, kashika kioo kidogo kilichovunjika pembe, anajipaka udongo wa njano usoni kwa kidole. Wigi alishalivaa, Wahuli huyatengeneza kwa nywele za binadamu, na vijana wao huzifuga kwa miezi mingi kwa kazi hiyo. Nyuma yake kijana alikuwa akichomeka manyoya ya ndege wa peponi, moja baada ya jingine, akiyachomoa kwenye gazeti lililoviringishwa. Unyoya mmoja ukakaa upande. Mzee akauona kwenye kioo, akaguna, kijana akautoa na kuanza upya. Nilisimama pale muda mrefu na hakuna aliyenifukuza. Wenzetu wa kundi jingine walifika kama saa nne, vikundi vikiwa tayari vinaingia kwa mkupuo, vumbi na vigoma vya mkono viitwavyo kundu kila upande. Walipata picha nzuri, sikatai. Ila hayo mengine hawakuyaona.

Kwa kawaida mimi si mtu wa safari za makundi. Huku nilikubali bila ubishi. Hakuna barabara inayounganisha Port Moresby na nyanda za juu, kwa hiyo ukishatua mji mkuu lazima upande ndege nyingine. Hoteli za Goroka ni chache na wakati wa tamasha vyumba hushikwa mapema mno, mara nyingi na hao hao mawakala. Halafu kuna usalama: kuzurura peke yako usiku, iwe Port Moresby au huko milimani, si jambo la kujaribu. Tafuta kundi dogo, lenye kiongozi aliyezaliwa milimani. Nchi ina lugha zaidi ya 800, hakuna anayezijua zote, lakini mwenyeji anayeongea Tok Pisin, lugha inayowaunganisha wote, atakuombea nafasi ya kusimama, atakuambia nani ni nani, na atakuvuta mkono pale unapotaka kukanyaga mapambo ya watu yaliyotandazwa chini.

Kuna mawili makubwa ya kuchagua. La Mount Hagen hufanyika Agosti. La Goroka ni Septemba, karibu na sikukuu ya uhuru ya tarehe 16. Goroka ni kubwa na ya kelele zaidi. Hagen unapata nafasi ya kupumua. Kama ni mara yako ya kwanza na huogopi msongamano, nenda Goroka. Watu wa udongo wa Asaro, wale wenye vinyago vizito vya udongo wanaotembea polepole kama mizuka, kwao ni jirani tu na hapo.

Utakutana na wajuaji watakaokuambia yote haya ni maigizo ya watalii. Ni kweli kwamba tamasha la Goroka lilianzishwa na maofisa wa utawala wa Australia, mwaka 1957. Lakini angalia umati wa wenyeji unavyosukumana kwenye uzio, vijana wakirekodi binamu zao kwa simu na kuwazomea wa kijiji cha jirani. Nani atajipamba tangu alfajiri kwa ajili ya mgeni asiyejua Mhuli ni yupi na Msimbu ni yupi?

Picha uwanjani hazina shida, ila omba kwa ishara kabla ya kumsogezea mtu kamera usoni. Vijijini ni habari nyingine, huko mara nyingi hulipwa, kwa hiyo beba kina, pesa ya huko, za noti ndogo ndogo. Manyoya usinunue hata ukibembelezwa: biashara ya kimataifa ya ndege wa peponi inadhibitiwa na sheria, na forodhani utanyang'anywa. Nunua bilum, mfuko wao wa kufuma ambao akina mama huuning'iniza kichwani. Ukiona midomo myekundu, usishtuke, ni popoo na chokaa. Watu wa pwani mtajisikia nyumbani.

Goroka iko mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi sweta, mchana kofia, jioni koti la mvua. Dawa za kinga ya malaria zungumza na daktari wako, na cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti, maana wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo huulizwa.

Na usikate tiketi ya kurudi nyumbani kwa siku inayofuata tamasha. Mawingu yakishuka kwenye milima ile, ndege ndogo haziruki, na hakuna wa kumlalamikia. Acha angalau siku mbili Port Moresby, hata kama wakala anakuambia moja inatosha.