Maswali na majibu: Baharia akiona fungu la mchanga, aseme

*Nina boti ya abiria, Mokowe hadi Amu, kisiwani Lamu. Nikiwaruhusu mabaharia kunikosoa, si ndiyo manahodha wengi chombo huenda mrama?*

Nahodha ni wewe, Bwana, na amri ni yako. Lakini kusema ulichokiona si kutoa amri. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani penye ukungu, wakafa watu 583. Moja ilikuwa imeanza mbio za kuruka bila ruhusa. Fundi wake, aliyeketi pamoja na marubani, aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu, mkufunzi wa marubani wenzake, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka, na fundi akanyamaza. Ajali hiyo ilichangia marubani kuanza kufundishwa pamoja: mdogo arudie onyo, mkubwa asikilize.

Na baharia wako huenda ni mpwa wako. Heshima ya mjomba humfunga mdomo hata akiona fungu mbele. Ruhusa lazima uitamke mwenyewe, kila safari, kabla ya kufungua kamba: "Mkiona jambo, niambieni. Nisipojibu, rudieni."

*Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Tunapelekwa semina mmoja mmoja, tunarudi na vyeti, kazi ni ile ile. Kwa nini?*

Kwa sababu mama anayetokwa damu hahudumiwi na mtu mmoja, dada yangu. Fanyeni zoezi humo humo wodini, na wenzako wa zamu, pamoja na mhudumu anayesukuma kitanda. Mmoja alale kama mgonjwa, saa ianze kuhesabu. Hapo ndipo mtakapogundua kwamba ufunguo wa kabati la dawa uko kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani. Hilo semina ya hotelini haiwezi kuwaonyesha.

Muitane kwa majina. Ukisema "mtu alete damu", haendi yeyote. Anayeagizwa dawa ataje jina na kipimo alichosikia, kisha aseme akishaichoma. Mkimaliza, kaeni dakika kumi, na mkubwa wenu aanze kwa kutaja alipokosea yeye.

*Orodha ya ukaguzi ya chumba cha upasuaji haitoshi?*

Inasaidia sana. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji 8, Ifakara nchini Tanzania ikiwemo, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ila isomwe kwa sauti, watu wote wakiwa wametulia. Karatasi inayotiwa alama baada ya upasuaji haimlindi mgonjwa.

*Mazoezi yafanywe mara ngapi?*

Mara moja kwa mwaka ni kidogo mno. Robo saa kila mwezi itawafaa zaidi. Wenye boti, msingoje pepo kali za kusi: tupeni dumu majini sasa bahari ikiwa shwari, mwite "mtu majini!", na muone nani anashika usukani na nani haondoi macho kwenye dumu lile.