Je, kila utafiti "umethibitisha"?

SWALI: Ninahariri ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa makala) za jarida linalochapisha makala za utalii, hisabati, usalama wa taarifa na fizikia. Karibu kila mwandishi anasema utafiti wake "umethibitisha" jambo fulani. Nikilibadilisha neno hilo, mwenzangu ananiambia ni Kiswahili sanifu, niliache. Nani kati yetu amekosea?

JIBU: Kuhusu neno lenyewe, mwenzako hajakosea. Kuthibitisha ni Kiswahili safi na hakuna kamusi itakayokipinga. Ila katika ikisiri unazozieleza kitenzi hiki kinafanya kazi za vitenzi vinne au vitano, na msomaji anaachwa akikisia mwandishi ana uhakika kiasi gani.

Wanahisabati waachie, ni chao. Kwao kuthibitisha ni kuonyesha hatua kwa hatua kwamba kauli haina budi kuwa kweli, si leo wala hapa tu. Tazama kauli ya Goldbach ya mwaka 1742: kila namba shufwa inayozidi 2 ni jumla ya namba tasa mbili. Kompyuta zimeipima hadi bilioni 4 mara bilioni 1, na haikupatikana hata namba moja iliyokwenda kinyume. Hata hivyo, mwanahisabati makini haandiki kwamba imethibitishwa. Anaandika kwamba imehakikiwa hadi kiwango hicho. Basi ukikuta "majaribio ya kompyuta yamethibitisha", weka "yamehakiki" na umdai mwandishi ataje mpaka. (Isipokuwa pale kompyuta ilipomaliza kila hali inayowezekana, kama ilivyofanyika mwaka 1976 kwa kauli ya rangi nne, isemayo kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila maeneo yanayopakana kufanana. Hapo "imethibitishwa" ni sawa kabisa, ingawa baadhi ya wanahisabati walinung'unika.)

Katika fizikia mambo ni mepesi zaidi, maana wenyewe wameshazoea kujizuia. Mwaka 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walipima nyutrino (chembe ndogo mno zisizo na chaji) zilizotoka CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, kwenda maabara ya Gran Sasso, Italia, safari ya kilomita 730 hivi, wakakuta zinafika mapema kuliko mwanga kwa takriban nanosekunde 60. Hawakusema wamethibitisha lolote. Waliripoti tokeo, wakawaomba wenzao walichunguze. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba kebo moja ya kupitishia mwanga haikuwa imekazwa sawasawa. Kitenzi "kuripoti" hakikuwaaibisha. Kwa vipimo vya fizikia, basi, tumia "yanaafikiana na", "yanaunga mkono" au "yanatofautiana na".

Usalama wa taarifa ndiko utakakotoka jasho, kwa sababu huko kuthibitisha kuna maana mbili, zote halali, na zinagongana ndani ya sentensi moja. Chukua mfano huu: "Mfumo ulithibitishwa na watumiaji." Je, watumiaji waliukagua mfumo wakaridhika nao? Au mfumo ulijitambulisha kwao, kama tovuti inavyoonyesha cheti chake? Sarufi inaruhusu yote mawili. Mwaka 1978 wanasayansi wa kompyuta Needham na Schroeder walichapisha itifaki za uthibitishaji, yaani taratibu za pande mbili kuhakikishiana kwamba kila mmoja ndiye anayedai kuwa. Mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta Gavin Lowe alionyesha kwamba katika mojawapo mshambuliaji anaweza kujifanya mtu mwingine. Itifaki ya uthibitishaji, kumbe, ilikuwa haijathibitishwa vya kutosha! Sentensi hiyo inachekesha kwa sababu neno limerudi kwa maana nyingine, na katika ikisiri hatutaki mzaha huo. Ushauri wangu: "uthibitishaji" ubaki kwa utambulisho wa mtumiaji au mfumo, usahihi wa muundo "uhakikiwe", na ruhusa ya kufungua faili hili au lile iitwe "uidhinishaji", isichanganywe na hayo mawili.

Kwenye utalii sina huruma. "Utafiti umethibitisha kuwa wageni wanaoridhika hurudi." Kitenzi cha kwanza kimezidi, lakini tazama pia kile cha mwisho. Kiambishi hu- kinasema jambo la siku zote, la kila mgeni, kama tunavyosema jua huchomoza mashariki. Mtafiti aligawa dodoso, akauliza watu kama wana nia ya kurudi. Hakuwafuata kuona kama walirudi. Aandike: "Waliojibu dodoso na kusema wameridhika ndio walioonyesha zaidi nia ya kurudi." Sentensi imerefuka, lakini -li- imerudisha tokeo kwa watu walioulizwa. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotumia kielelezo cha mwanajiografia Butler cha mwaka 1980, kile kinachoeleza jinsi mahali pa watalii panavyokua, kudumaa na kisha kushuka au kufufuka. Uchunguzi wa mji mmoja haukithibitishi kielelezo. Unaonyesha kwamba mji huo ulipita njia inayofanana nacho, au haukuipita.

Kuna umbo jingine la kuangalia katika taaluma zote nne: "imethibitika kuwa". Kauli ya kutendeka humficha mtenda. Imethibitika kwa nani, na kwa njia gani? "Imethibitishwa" walau inamwezesha msomaji kuuliza "na nani?", na mwandishi mwaminifu atakuwa ameshajibu. Ukikutana na "imethibitika" bila jina wala chanzo karibu yake, mrudishie mwandishi.

Mwisho, uthibitisho ni kile kinachopatikana, uthibitishaji ni kazi ya kukipata. Mwanahisabati huandika uthibitisho, haandiki uthibitishaji. Ithibati nayo siku hizi imeelemea upande wa vyuo na maabara kutambuliwa rasmi, kwa hiyo katika ikisiri iache kwa maana hiyo tu.