Maswali na Majibu: Kitabu cha masika na watoto wanaojibu kwa neno moja

SWALI: Ninafundisha darasa la awali katika shule ya kijijini wilayani Lushoto. Watoto ni 54, na wengi wao nyumbani huzungumza Kisambaa. Nina nakala moja ya kitabu cha picha kinachoonyesha kijiji kabla ya mvua za masika, wakati wa mvua na baada yake. Nina pia vitabu vitatu vya msaada vinavyohusu majira ya Ulaya, vyenye theluji na majani yanayopukutika. Nikifungua ukurasa ambao mama anakimbilia nguo kambani huku wingu limetanda, kisha nikauliza, watoto hujibu "nguo" na kunyamaza, au huitikia kwa pamoja "Ndiyo, mwalimu". Nikitumieje kitabu cha masika ili wazungumze kwa sentensi? Na vile vya theluji nivitumie au niviweke kabatini?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, kabla sijafika kwenye kitabu, nianze na swali unalowauliza watoto. Hukuliandika, lakini majibu yao yanalifichua: bila shaka ni "Hii ni nini?" au "Mnaona wingu?" Swali la kwanza linakwisha mtoto akitaja jina, na la pili linakwisha akisema ndiyo, mtoto ametimiza alichoombwa, hana sababu ya kuendelea. Siandiki haya kwa kukulaumu. Niliwahi kujirekodi kwa simu nikisoma kitabu na watoto wa miaka mitano, na niliposikiliza baadaye nilihesabu "Hii ni nini?" mara 17 ndani ya dakika kumi, ilhali sentensi kamili kutoka kwa mtoto ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Kitabu cha majira kina jambo ambalo kitabu cha picha za wanyama au za matunda hakina, nalo ni kwamba kitu kilekile hubadilika kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Njia iliyokuwa na vumbi inakuwa tope, mto uliokauka unajaa, shamba tupu linaota. Kwa sababu hiyo, utajiri wake kwa lugha ya mtoto hauko katika majina, bali katika vitenzi na viambishi vyake vya wakati na hali. Mwanzoni mwa kitabu mvua haijanyesha, katikati inanyesha, mwishoni imekatika. Na mtoto anayeweza kueleza tofauti ya kurasa hizo tatu ametumia -ja-, -na- na -me- bila kufundishwa somo lolote la sarufi. Ukitaka kueleza uhusiano wa jambo na jambo, picha hizo hukuletea -ki- zenyewe: mvua ikinyesha, njia inateleza. Ukitaka kusema yanayojirudia kila mwaka, unahitaji hu-: masika mito hufurika, wakulima hupanda. Kiambishi hiki cha mwisho watoto wetu wengi hawakisikii sana, kwa kuwa mitaani wamezoea "inanyeshaga" na "wanapandaga". Usiikemee lugha hiyo. Kisome tu kitabu jinsi kilivyoandikwa, urudie sentensi zake mwenyewe unapozungumza, nao watazoea kuzisikia zote mbili.

Sasa turudi kwenye ukurasa wa mama na nguo, kwa sababu nadhani hapo ndipo penye hazina kuliko ukurasa mwingine wowote uliousimulia. Neno la kitendo kile ni kuanua. Mtoto wa Lushoto amekwisha kutumwa kuanua nguo au maharage yaliyoanikwa uani, hivyo jambo lenyewe analijua kwa mikono yake. Kinachoweza kukosekana ni neno la Kiswahili na sentensi ya kulibeba. Uliza hivi: "Mama anafanya nini?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, kwa maana walimu wengi, nami nikiwamo, hatungoji hata sekunde mbili kabla ya kujijibu wenyewe. Mtoto akisema "Nguo", mpokee na umwongezee: "Naam, mama anaanua nguo. Kwa nini anazianua?" Akisema "Mvua", mwongezee tena: "Anazianua kwa sababu mvua inakuja. Hebu nawe tuambie." Mtoto atakaporudia, pengine kwa kukosea kidogo, sentensi imetoka kinywani mwake na si mwako peke yako.

Mzunguko huo wa kuchokoza, kupima jibu, kulipanua na kumfanya mtoto alirudie haukubuniwa jana. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazazi wa watoto wa takriban miaka miwili na nusu walifundishwa kusoma kwa namna hiyo nyumbani kwa mwezi mmoja, wakiuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana na kupanua majibu ya watoto. Watoto hao waliwapita katika vipimo vya kujieleza wenzao waliosomewa kwa njia ya kawaida. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita usomaji wa mazungumzo. Kumbuka tu kwamba kule mzazi alikuwa na mtoto mmoja, nawe unao 54, nitalifikia hilo.

Baada ya kuzungumza, tendeni. Funga kamba kati ya dirisha na dirisha, watoto waje na khanga na vitambaa, waanike, kisha mmoja apige ngurumo kwa kugonga debe na wote wakimbilie kuanua. Anayeanua aseme anachofanya, na anayetazama aseme mwenzake amefanya nini. Mchezo huo utakufungulia jozi nyingine za namna ileile ambazo zimejaa majumbani mwao: kufunika sufuria na kuifunua, kutandika mkeka na kuutandua. Huna haja ya kuwaeleza kwamba -ika hugeuka -ua. Watoto ni wepisi wa kuvumbua mpangilio, na siku mmoja wao atakapounda neno lisilokuwapo katika Kiswahili kwa kufuata mfano huo, furahi, kwa sababu kosa hilo ni ushahidi kwamba kanuni imeingia.

Kuhusu Kisambaa, mtoto akikujibu kwa lugha hiyo juu ya picha ya mvua, amekujibu sawasawa. Ameielewa picha, ameielewa na hoja, na lililobaki ni kumpa maneno ya Kiswahili. Ukimkatiza kwa "Sema kwa Kiswahili!" utarudishiwa ukimya uleule unaoulalamikia. Pokea jibu, liseme kwa Kiswahili, mwombe alirudie nawe. Kama wewe si mwenyeji wa huko, mtumie mtoto anayezimudu lugha zote mbili awe mkalimani. Kazi hiyo nayo ni zoezi kubwa la lugha.

Tatizo la nakala moja kwa watoto 54 lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuona. Mtoto aliyekaa mstari wa nne hawezi kuzungumzia picha asiyoiona, na huitikia "Ndiyo, mwalimu" kwa heshima tu. Chukua viroba vya sukari au unga, vipasue, vioshe, uchore juu yake kurasa nne au tano za kitabu kwa ukubwa unaoonekana hadi nyuma, na uandike chini ya kila picha sentensi moja kwa herufi kubwa. Huhitaji kuwa mchoraji hodari. Mama, kamba, nguo na wingu jeusi vinatosha. Sehemu ya pili ni kusema. Jumatatu lisomee darasa zima hadithi yote kwa kutumia viroba, bila maswali mengi, ili wajue mwanzo na mwisho wake. Kisha gawanya watoto katika vikundi vitano vya watoto kumi au kumi na mmoja, na kila siku ya juma kikundi kimoja kikae nawe mkekani kwa dakika 15 na kitabu chenyewe, wengine wakiwa katika kona za ujifunzaji, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea na kujifunzia. Juma linalofuata rudia kitabu hichohicho. Watu wazima huchoshwa na kurudia. Watoto wa umri huo hawachoki, na mara ya tatu au ya nne ndipo wanapoanza kukutangulia kusema kilicho ukurasa unaofuata.

Baada ya hapo kiweke kitabu, lakini kisiishie hapo. Jambo ambalo walimu wengi wenye vitabu vya majira hulikosa ni kukirudia wakati wa majira mengine. Kwenu masika ni Machi hadi Mei. Kitoe tena Julai, ukungu ukiwa umefunika vilima na watoto wamevaa masweta, uwaulize njia ile ya tope sasa ikoje. Hapo ndipo watakapohitaji kusema "tulipokuwa", "ilikuwa" na "sasa imekauka". Kitoe tena Oktoba, kabla ya vuli, uwaulize ni kipi katika picha zile kitatokea tena, nao watahitaji -ta-. Kitabu kimoja kilichosomwa katika misimu mitatu kinafanya kazi ya vitatu. Kama mwenzako aliyeko Dodoma au Songea ataazima mpango huu, aupange upya, kwa sababu huko hakuna vuli na masika mbalimbali bali msimu mmoja wa mvua wa Novemba hadi Aprili, na kitabu kinachotaja masika Machi kitawakuta watoto wakiwa na mvua tangu Krismasi.

Utataka pia kujua kama wanaendelea. Kila siku andika, kwa watoto wawili au watatu tu wa kikundi kilichokaa nawe, sentensi ndefu kuliko zote waliyosema, kama ilivyosemwa, na makosa yake. Onyo langu ni moja: usihesabu maneno, ingawa baadhi ya fomu za ufuatiliaji hutaka hivyo. Mtoto aliyesema "mama nguo kamba" ametoa maneno matatu, na aliyesema "tutazianua" ametoa moja. Lakini huyu wa pili ametaja watendaji, wakati ujao, nguo na kitendo, vyote vikiwa mahali pake. Tazama idadi ya viambishi, na tazama kama vinakubaliana na jina. Nguo nyingi zikiwa kambani na mtoto akasema "nguo imelowa", usimsimamishe. Jibu tu, "Kweli, nguo zimelowa, zimelowa chapachapa," kisha msikilize wiki mbili baadaye.

Nimekiacha mwisho kitendawili cha theluji. Usiviweke kabatini vitabu hivyo, ila usivitumie kuwafundishia watoto majina ya majira. Kosa lililoenea, ambalo nami nilishalifanya, ni kuyavisha majira manne ya Ulaya majina yetu: masika, kiangazi, vuli na kipupwe. Nilisoma darasani tafsiri iliyosema kwamba wakati wa vuli majani hugeuka rangi na kupukutika, na binti mmoja akanitazama kwa mshangao akaniuliza, "Mwalimu, vuli si tunapanda maharage?" Alikuwa sahihi kabisa. Vuli ni mvua, na mvua ikija majani huchipua. Wakati watoto wa Ulaya wamo katika theluji ya Januari, wetu wamo katika jua la kiangazi. Jina moja likibeba mambo mawili yanayopingana, mtoto anapoteza hata lile alilokuwa nalo. Kama vitabu vyako vimetafsiriwa hivyo, bandika kipande cha karatasi juu ya neno hilo na useme kwa maelezo: huko mbali, wakati wa baridi kali, maji huganda hata yakaanguka kutoka mawinguni yakiwa meupe na laini. Waliowahi kuona mvua ya mawe watakuwa na mahali pa kuanzia.

Kwa kuzungumza, chagua kurasa mbili tu, si kitabu kizima. Ukurasa wenye mtoto aliyevaa mavazi mazito ni mzuri hasa Julai, kwa sababu watoto wa Lushoto wana la kulinganisha nalo: yeye amevaa nini, sisi tumevaa nini, nani anaona baridi zaidi, umejuaje. Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa "kwa sababu". Kisha watoke nje wauchore mti mmoja ulio karibu na darasa, kila mmoja akuambie sentensi moja juu yake, nawe uiandike chini ya mchoro kama alivyoisema. Wauchore mti uleule tena Oktoba, na tena mvua za masika zitakapoanza, na michoro hiyo ishonwe pamoja kwa uzi: mtapata kitabu cha pili cha majira, cha Lushoto yenyewe, na nakala zake zitakuwa 54.