Skwea ya Mzee na Fremu ya Mita Tano

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mshonaji, niko Morogoro. Nimepata fremu karibu na stendi, dalali kaniambia ni "tano kwa tano". Sijaingia ndani kwa sababu aliyepo hajahama. Nimechungulia tu mlangoni, mizigo imejaa mpaka darini. Jana wameniletea mkataba wa Kiingereza, umeandikwa "five square metres". Dalali anasema ndiyo hiyo hiyo tano kwa tano. Mdogo wangu aliyeko chuo anabisha. Kodi ni ya miezi sita na natakiwa kulipa Jumatatu. Halafu, kijana wangu nikimrudishia hela aliyonikopesha hujibu "we are square". Huo nao ni mraba gani?*

Marahaba mwanangu. Wewe nilishakujibu kwa simu siku ile ile, maana jarida halishindani na Jumatatu. Hapa nawaandikia wengine wenye madalali wa namna hiyo.

Mdogo wako yuko sahihi. "Five square metres" ni mita tano za mraba: chukua vipande vitano vya mita moja kwa moja, vitandaze sakafuni, chumba kimeisha. Chumba cha mbili kwa mbili na nusu ndicho hicho. Weka cherehani mbili na meza ya kukatia, mteja apimiwe gauni akiwa nje. Alichokutajia dalali, Kiingereza hukiita "five metres square", neno likiwa limehamia nyuma, na hapo maana yake ni ubavu wa mita tano kila upande, yaani mita 25 za mraba. Neno limesogea kiti kimoja, chumba kimekua mara tano. Sisi tuna "mita tano za mraba" na "mita tano kwa tano", na hata aliyeishia darasa la nne anasikia kwamba si kitu kimoja. Balaa huanza pale mkataba unapoandikwa kwa lugha ambayo mwenye kuandika na mwenye kusaini wote wanaibahatisha.

Sikucheki, maana na mimi liliwahi kunipata, tena nikiwa mwalimu wa Kiingereza na hesabu, masomo yote mawili yaliyohusika. Nilikuwa naweka marumaru kwenye chumba changu cha mita nne kwa nne. Nikaandika oda kwa Kiingereza, kwa mbwembwe: "tiles for 4 square metres". Duka, ambalo sitalitaja, lilifanya nilichoandika. Marumaru zenyewe zilikuwa za sentimita 40 kwa 40, boksi lina 12, kwa hiyo boksi moja linafunika mita za mraba 1.92. Wakaniletea maboksi matatu. Fundi alianza asubuhi, na hata chai haijaiva akaniita. Chumba kile kilitaka marumaru kumi kwa kila mstari, mistari kumi. Zilizokuja ni 36. Alikuwa ameweka mistari mitatu na vipande sita vya mstari wa nne, amesimama katikati ya vumbi la saruji ananiuliza, "Mwalimu, huku kwingine tunaweka nini?" Ilibidi niongeze maboksi sita, na rangi ya yale mapya haikulingana na ya mwanzo. Tofauti ile ipo mpaka leo, chini ya kitanda.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mshonaji, na kwa kila anayekodi: usikubali namba moja. Mkataba uandike urefu wake na upana wake, kila kimoja peke yake, na neno "square" lipewe likizo.

Sasa tuje kwa kijana wako na "we are square". Hili ndilo swali ninalolipenda, maana linanirudisha kibarazani kwetu Ngamiani, Tanga.

Baba yangu alikuwa seremala. Alikuwa na skwea, kile kifaa cha kupimia kona, yenye mpini wa mbao na bapa la chuma, nasi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Mara kwa mara, hasa ikianguka, aliipima ukweli wake. Alichukua ubao ulionyooka ukingo, akabana mpini kwenye ukingo ule, akapiga mstari kwa penseli kufuata bapa. Kisha akaigeuza skwea, mpini uliokuwa unaelekea kushoto uelekee kulia, akaisogeza mpaka kwenye mstari ule ule, akapiga wa pili. Mistari ikilaliana, anairudisha kwenye boksi. Ikiachana juu kama mkasi uliofunguka kidogo, anasema, "Hii imeanza uongo." Mwanya ule, alinifundisha, ni mara mbili ya kosa lenyewe, kwa sababu skwea imekosea mara moja kushoto na mara moja kulia.

Nilikuja kujua baadaye sana kwamba Waingereza nao walianzia pale pale. Neno "square" walilipata kwa Wafaransa, ambao mpaka leo kifaa kile wanakiita "équerre", na lilipoingia Kiingereza katika karne ya 13 lilitaja kifaa cha fundi. Umbo la pande nne sawa lilikuja kuitwa hivyo baadaye, karne ya 14. Yaani kwanza ilikuwa skwea ya seremala, kisha mraba wa mwalimu wa hesabu. Ukiliangalia neno hili kupitia pande nne utahangaika nalo maisha yako yote. Liangalie kupitia kona iliyosimama sawasawa, maana zake nyingi zitakufungukia zenyewe.

Mbao mbili zikikutana kwenye kona iliyopimwa kwa skwea, mwanga haupiti. Hesabu za watu wawili zikikutana hivyo, hakuna anayemdai mwenzake. Ndiyo "we are square": tumemalizana. Kijana wako hakukosea, ila mwambie mama yake anapenda kuambiwa "tumemalizana, mama, asante". Kwenye kona hiyo hiyo neno likapanda cheo, likawa na maana ya haki, na tangu karne ya 16 Waingereza wanamwita mtu mwadilifu kwa neno hilo. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani aliitangaza siasa yake ya mwanzoni mwa karne ya 20 kwa jina la "Square Deal", yaani kila mtu atendewe haki. Sisi uadilifu tumeuchukua kwenye mstari, tukasema mtu mnyoofu. Wao wameuchukua kwenye kona. Yote ni maneno ya karakana.

Na kabla hamjawacheka Waingereza kwa kuita kona "square", mkumbuke vitabu vyetu vya hesabu. Nyuzi 90 tunaziita pembe mraba, na pembetatu yenye kona hiyo tunaiita pembetatu mraba. Pande tatu, lakini mraba! Tena "mraba" wetu ni wa Kiarabu, wa ukoo wa nne: ndugu zake ni robo, arobaini na tarbia, lile shairi la mishororo minne kila ubeti. Nalo neno lao linarudi kwenye nne ya Kilatini. Nne ile ile imeingia kwetu kwa jahazi, na kwao kwa boksi la fundi.

*Mwalimu wetu wa kidato cha pili alisema "three square meals a day" imetoka kwa mabaharia wa Uingereza waliolia chakula kwenye sahani za mbao za mraba. Rafiki yangu anasema ni uongo. Tumewekeana soda. Nani ananunua? Mwanafunzi, Dodoma.*

Ananunua aliyesimama na mwalimu, samahani kwake. Sahani za mraba melini zilikuwepo, na ndiyo sababu hadithi inanoga. Lakini usemi wenyewe hauonekani kwa mabaharia wa zamani hizo. Unaonekana Marekani katikati ya karne ya 19. Lipo tangazo la mahali pa kula huko California, la mwaka 1856, linaloahidi makaribisho mema na "square meal". Huko watu walikuwa wamekimbilia dhahabu, na mtu akitoka kuchimba alitaka chakula cha kweli, kisicho na ujanja. Ni skwea ya baba yangu tena, safari hii imo kwenye sahani. Kwa Kiswahili sema milo mitatu kamili.

Na ukikutana na "back to square one", usikubali hadithi ya redio pia. Wapo wanaosema ilitoka kwa BBC, ambayo Januari 1927 ilitangaza mpira moja kwa moja kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United, na wasikilizaji walikuwa na mchoro wa uwanja uliogawanywa vyumba vyenye namba. Mchoro ulikuwepo kweli. Usemi ndio uliochelewa: unaonekana kwenye maandishi miaka ya 1950, ukihusishwa na mchezo wa nyoka na ngazi, ambamo ukimezwa unateremka kuanza upya. Kwetu, "tumerudi kulekule" inatosha.

Jambo moja la tahadhari: usimwite mtu "a square" ukidhani unamsifu unyoofu. Wapenzi wa jazi Marekani, miaka ya 1940, walilitumia kwa mtu wa kizamani asiyejua kinachoendelea mjini. Neno likiwa limesifiwa karne nne, vijana wa muziki wakaligeuza matusi.

*Binamu yangu kanitumia picha ya Times Square, New York. Nimeizungusha simu kila upande, mraba siuoni. Halafu ulingo wa ndondi una kona nne wanauita "ring". Hawa watu vipi? Msomaji, Mombasa.*

Picha haina kosa. Barabara ya Broadway inapita pale kwa mshazari, ikaikata Seventh Avenue, na kilichobaki ni pembetatu mbili zilizogusana ncha kama tai ya kipepeo. Mjini, "square" ni uwanja wa wazi penye majengo pembeni, umbo lake si hoja. Pale paliitwa Longacre Square mpaka mwaka 1904, gazeti la New York Times lilipohamia na kupaachia jina.

Ulingo ni kinyume chake. Zamani ngumi zilipigwa uwanjani, watazamaji wakizunguka, na duara hilo la watu ndilo "ring". Kanuni za London za mwaka 1838 zikaagiza ulingo wa futi 24 kila upande, wenye kamba mbili. Watu walihamishwa nyuma ya kamba, jina likabaki ndani na mabondia.

Wa Bukoba aliyeuliza kuhusu "oblong", barua yako ninayo. Nitumie picha ya hiyo meza kwanza.