Changanya tu, ila Money Maker ipe miti

Dada, umeuliza kama nyanya za aina ya Tanya, Tengeru 97 na Money Maker zinaweza kukaa pamoja kwenye kibustani chako cha Morogoro, na kama mbegu zitaharibika. Panda bila wasiwasi. Ua la nyanya hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kuchanganyika ni kwa nadra. Mbegu usizopaswa kutunza ni za chotara (F1), maana kizazi kinachofuata hakifanani na mama.

Kinachotofautiana ni matunzo. Money Maker hurefuka bila kukoma, kwa hiyo chomeka miti mapema na uifunge kwa kamba iliyolegea. Kila wiki kagua kwapa la jani, pale linapokutana na shina: chipukizi linalotokea hapo likivunjwa lingali dogo kama kidole, shina halipati jeraha kubwa. Tanya na Tengeru 97 ni fupi, usizipogoe hivyo, utajipunguzia matunda. Tengeru 97, iliyotolewa 1997, inavumilia minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi. Kama eneo lako lina shida hiyo, hiyo ndiyo ipewe nafasi kubwa.

Acha sentimita 60 kati ya miche, mwagilia chini asubuhi, majani yasilowe, ukungu hupenda unyevu. Kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, hachagui aina: majani yenye michirizi myeupe yachume na kuyachoma. Na kama hapo palikuwa na bilinganya au viazi mviringo msimu uliopita, tafuta tuta jingine kabisa, maana ni jamii moja na nyanya na hushiriki magonjwa.